Kumuaga Mama Lenox, Aliyenishtaki

Bi. Selpher Nasimiyu, ambaye sisi sote tunamwita Mama Lenox, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia Pambazuko Printers kwa miaka ishirini na tisa, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake. Barua ya ofisi ilisema miaka ishirini na tisa tu, akairudisha ikarekebishwe. Anayemjua hakushangaa.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu wa jarida letu uandikwe na mtu aliyefanya kazi naye kwa muda mrefu, ikamchagua mpiga chapa mmoja wa mashine namba mbili. Mpiga chapa huyo ndiye huyohuyo ambaye Mama Lenox alimpeleka mahakamani mwaka huu kwa deni la shilingi elfu hamsini, akamshinda mchana kweupe. Ndiyo, ni mimi, Ephantus Kiarie. Nilijaribu kukataa. Bi. Wavinya wa idara ya wafanyakazi akanijibu kwamba mstaafu mwenyewe ndiye aliyeomba niandike mimi, na kwamba kukataa nilishakujaribu mbele ya mwamuzi na kila mtu anajua kulinifikisha wapi.

Basi naandika. Na niseme mapema ninachotafuta, nisije nikadhaniwa nina roho safi kuliko niliyo nayo. Tangu Februari Mama Lenox hunisemesha mambo ya kazi tu: karatasi imefika, wino umekwisha, Kiarie sogeza hilo rundo. Ijumaa anakwenda zake. Sitaki aende hivyo.

Tuanze kwa utaratibu. Mama Lenox alizaliwa Kimilili, akaja Nairobi kukaa na dadake, na tarehe 20 Juni 1996 akapata kibarua hapa cha kufagia vipande vya karatasi. Miezi mitatu baadaye alikuwa ameketi mezani anashona vitabu. Aliyekuwa msimamizi wakati huo alidai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Wazee waliokuwepo wanasema alikuwa akifagia huku anatazama, na siku fundi mmoja alipougua aliweka ufagio chini akakaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwinua.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi hii: sisi wa mashine tunachapa na kujisifu, lakini bila chumba cha kushona tunachotoa ni rundo la karatasi tu. Yeye ndiye anayezikunja, anazipanga, anazishona, anazipiga gundi na kuzikata kingo mpaka mteja aseme hiki ni kitabu. Amewafunza watu kumi na wanne kazi hiyo. Mara mbili alipewa cheo cha kukaa ofisini juu, mara mbili akakikataa, akisema huko juu hakuna kitu cha kushika.

Sifa yake kubwa, kama wote mnavyojua, ni vitabu vya risiti. Kitabu cha risiti kina majani mia moja, hamsini ya kukatiwa mteja na hamsini ya kubaki. Mama Lenox hahesabu. Anatia mkono kwenye rundo, anashika, anatoa, na ni mia moja. Kila mfanyakazi mpya huambiwa aweke dau la soda, aketi ahesabu mwenyewe moja moja. Tangu mwaka 2003 Mama Lenox hajawahi kujinunulia soda.

Mwaka 2011 tulichapa vitabu elfu tatu vya nyimbo kwa ajili ya kanisa moja la Dagoretti. Mimi nilichanganya mafungu ya kurasa. Ukurasa wa sitini na nne ukafuatwa na wa themanini na moja, na waumini wangeimba ubeti wa kwanza wa wimbo mmoja na kumalizia na kiitikio cha mazishi. Mama Lenox aligundua vikiwa vimeshashonwa mia mbili. Alivifumua vyote, akavishona upya kwa siku mbili, na mkurugenzi alipouliza sababu ya kuchelewa akaambiwa uzi ulikuwa mbovu. Uzi wa watu ukalaumiwa bure, nami nikanyamaza. Huyo ndiye mtu niliyekuja kumkatalia pesa zake.

Sasa tufike kwenye hizo pesa, maana najua baadhi yenu mmeruka mpaka hapa.

Agosti 2023 alifariki babamkwe wangu, baba ya mke wangu Virginia, kule Dagoretti. Mikutano ya matanga ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, na shemeji yangu Shiru, mdogo wake Virginia, ndiye aliyekuwa mweka hazina. Kila jioni Shiru alisimama na daftari lake akasoma michango kwa sauti, jina baada ya jina, na baada ya kila jina watu walinung'unika kidogo, ama kwa kuridhika ama kwa kushangaa. Mimi ndiye mkwe mkubwa. Mkwe akiwa ukweni hana maneno mengi, anasubiriwa tu asomwe.

Na mkwe hakuwa na kitu. Pesa yangu yote ilikuwa Mutuini, imegeuka mawe na saruji ya chumba cha tano cha kupangisha. Nilimweleza Mama Lenox tukiwa tunakula. Yeye alikuwa na elfu hamsini alizoweka kwa miaka miwili kununua mabati. Nyumba yake ya Kimilili ilikuwa imesimama kuta tupu, na mpango wake ulikuwa mmoja tu: siku akistaafu aondoke kile chumba cha uani anachopanga Woodley na aingie kwake. Bila mabati angestaafu bila mshahara na bila nyumba, huku kodi ya Woodley ikimsubiri kila mwezi.

Akaweka sahani chini, akatoa simu, akanitumia zote. Alisema, "Kiarie, hii ni ya mabati. Zika mzee, mwisho wa mwezi unirudishie." Hakuandika popote. Mwanamke ambaye vitabu vyake vya risiti vimejaa kwenye kila duka la Kirinyaga Road alitoa elfu hamsini bila hata kipande cha karatasi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu kwamba mtu aliyefiwa haandikishwi.

Mwisho wa mwezi ukafika. Ukafika mwingine. Jamani, mjenzi yeyote atawaambia kwamba chumba cha tano hakiishi bila mlango, na mlango hauna maana bila choo. Nilimwambia mwezi ujao. Nikaanza kupitia ngazi za nyuma. Nikawa na haja ndogo mara nyingi kuliko mzee wa miaka themanini. Na katika kipindi hichohicho, nyumbani kwangu Mutuini, getini palikuwa na tangazo nililolichapa mwenyewe hapahapa kazini kwa herufi nene: KODI NI TAREHE TANO, VISINGIZIO PELEKA KWENU. Tarehe sita nilikuwa naweka kufuli kwenye mlango wa asiyelipa.

Kumbe kuna kazi tuliyoifanya mwishoni mwa mwaka jana. Shirika moja la msaada wa kisheria lilileta kijitabu kinachomweleza mwananchi jinsi ya kudai deni dogo katika Mahakama ya Madai Madogo: huhitaji wakili, unaanza kwa barua ya madai, unajaza fomu, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku sitini. Nilichapa nakala elfu tano bila kusoma hata mstari mmoja, na rangi ilitoka safi sana, nikajipongeza. Mama Lenox alizikunja. Mama Lenox husoma anachokunja.

Februari nikakuta bahasha juu ya mashine yangu. Ilikuwa barua ya madai, siku kumi na nne, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri kuliko hiki. Nilipandwa na hasira, sitaficha. Nikamfuata chumba cha kushona nikamwambia kwamba zile pesa alinipa nikiwa na msiba, na pesa za msiba ni mchango, na mchango haurudishwi, na kama alitaka zirudi angesema. Mbele ya wasaidizi wake wanne. Alichukua jalada lililofuata akalipaka gundi.

Machi, kwa msaada wa mwanawe Lenox na saiba moja, duka la kompyuta, ya pale mjini, akafungua kesi. Siku ya kusikilizwa ilipopangwa tulienda kwa Bi. Wavinya mmoja baada ya mwingine kuomba ruhusa ya nusu siku. Fomu zote mbili, kwenye nafasi ya sababu, ziliandikwa jambo moja.

Niwaeleze ujinga wangu, maana hakuna mtu mwingine angeufanya. Nilikuwa na hakika ya kushinda. Yeye alikuwa na ujumbe wa simu tu, kwamba katuma elfu hamsini kwa Ephantus Kiarie tarehe fulani. Hakuna neno mkopo hapo. Kuthibitisha kwamba ulikuwa mchango wa msiba nilihitaji daftari la matanga, na shahidi wa kulisoma. Kwa hiyo nikampigia Shiru. Nikamlipia nauli. Nikamnunulia chai na mandazi mawili pale nje. Sikufungua lile daftari, kwa sababu nilijua lina nini: lina michango.

Mahakamani Mama Lenox aliingia na vielelezo vyake vimeshonwa. Kweli nawaambia, amevishona kwa uzi, kurasa zimepigwa namba, jalada la kijani, kingo zimekatwa zikanyooka. Mwamuzi, mama mmoja wa sauti ya chini, alikigeuza kile kitabu mkononi, akakipitisha kidole mgongoni, akauliza nani amekitengeneza. Mimi karatasi zangu zilikuwa ndani ya mfuko wa unga.

Nikaeleza msimamo wangu kuhusu mila, msiba na ukarimu wa Waafrika. Nilisema vizuri. Kisha nikamwita shahidi wangu. Mwamuzi akamwomba Shiru asome mchango wa mkwe. Shiru akasimama, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ileile ya ukumbi wa kanisa: "Ephantus Kiarie, mkwe, elfu hamsini, taslimu." Na Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nilijisikia vizuri.

Mwamuzi akauliza kama Selpher Nasimiyu yuko kwenye daftari. Shiru akageuza kurasa. Yuko, akasema, kwenye wale wa kazini: Selpher Nasimiyu, elfu moja. Mwamuzi akainua kalamu. Akauliza, sasa, mchango wa huyu mama kwa msiba wenu ni upi, elfu moja iliyo kwa jina lake, au elfu hamsini zilizo kwa jina la mkwe?

Mama Lenox alikuwa ametoa mchango wake. Alitoa elfu moja pamoja na nyinyi wote, karani wa ofisi akapeleka, na mimi sikuwahi kujua kwa sababu nilipokuwa nikisikiliza majina nilikuwa nasikiliza langu. Ningeandikisha zile hamsini kwa jina lake, au hata kwa jina la ofisi, pengine ningekuwa na la kusema. Lakini nilitaka kusomwa. Nilimpelekea Shiru noti zimekunjwa vizuri na nikamwambia aandike mkwe.

Shiru ndiye aliyelielewa jambo mbele ya mwamuzi. Aliniangalia, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mahakamani, "Ngoja. Kwani hizo hamsini hazikuwa zako? Ulimzika baba na pesa ya mabati ya mtu?" Mwamuzi akamwomba shahidi ajibu maswali tu. Shiru akaomba radhi kwa mwamuzi, si kwangu. Kabla sijafika stendi, Dagoretti nzima ilikuwa imeshajua, na nyumbani Virginia alinipakulia chakula, akaenda kukaa kwa jirani.

Hukumu ilitoka Mei: nilipe elfu hamsini pamoja na gharama za kufungua kesi. Mama Lenox angeweza kuniletea madalali wa mahakama wabebe kochi langu. Nilimngoja dalali kwa wiki mbili, nikiruka kila lori likipita barabarani. Hakumtuma. Badala yake kila Ijumaa ya mshahara alikuja kwenye mashine namba mbili, akapokea fungu alilokubali, na akanikatia risiti. Kitabu cha risiti alikishona mwenyewe kwa kazi hiyo. Kina majani kumi, matano yangu na matano yake, maana alishapiga hesabu ya mafungu matano.

Niliuza mlango wa chuma uliokuwa ukisubiri chumba cha sita. Tangazo la getini nililitoa pia, ila hilo ni kwa sababu wapangaji walisikia habari na mmoja wao, bwana Obuya, akaandika chini yake kwa makaa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuchapisha.

Septemba nikalipa fungu la mwisho. Mabati yalipanda gari wiki hiyohiyo, na Lenox ametuma picha: nyumba imeezekwa, bluu, inaonekana kutoka barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ile. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nikamwambia Mama Lenox basi yameisha, deni limelipwa, turudi kama zamani.

Akaikata risiti ya mwisho, akanipa. Kisha akasema kwamba pesa zake zote amepata na hana la kudai. Lakini mwamuzi aliniuliza swali moja, akasema, na jibu langu ndilo lililomuumiza, wala si pesa.

Swali hilo sikulieleza hapo juu kwa sababu niliona ni dogo. Mwanzoni kabisa, kabla ya daftari, mwamuzi aliniuliza huyu mama ni nani kwangu. Nikajibu, nikiwa nimeshaapa kusema ukweli, kwamba ni mtu tu wa kazini. Niliona ndiyo njia ya kisheria. Nilidhani nikisema rafiki, mwamuzi atauliza marafiki wanafanyaje mambo yao. Mama Lenox alikuwa amekaa umbali wa meza moja. Alisikia. Anasema alikuwa tayari kushindwa kesi siku hiyo, maana hana karatasi, na mabati angetafuta tena hata kwa miaka mitano. Kusikia hilo hakuwa tayari.

Kwa hiyo ndugu zangu, ndiyo sababu aliomba niandike mimi. Hakuniambia niandike nini. Alimwambia Bi. Wavinya kwamba Kiarie aandike, na usomwe kwa sauti, na asome mwenyewe.

Huyu si mtu tu wa kazini. Nilipokuja hapa mwaka 1998 sijui wino wala karatasi, ni yeye aliyenionyesha upande wa kulisha mashine. Binti yangu alipolazwa alikuja hospitali siku tisa mfululizo kwa miguu kutoka Woodley, na akanidanganya kwamba alikuwa akipita tu. Aliniokoa kwa mkurugenzi mara nyingi kuliko ule uzi. Amekula chakula cha Virginia na mimi nimekula chake miaka ishirini na sita, na sijawahi kuwa na rafiki mwingine wa kiwango hicho, mwanamume wala mwanamke. Nilimkana kwa ajili ya elfu hamsini ambazo hata hazikuwa zangu. Naona aibu, na ninaisema hapa mbele ya mkurugenzi, mbele ya wateja, mbele ya Shiru ambaye nimemwalika, mbele yake yeye.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Pambazuko, asante Mama Lenox kwa kila kitabu kilichotoka hapa kikiwa kizima. Asante kwa wale kumi na wanne uliowafunza, wasije wakakuangusha. Tunakuombea uzee wa raha, mvua ipige mabati usiku nawe umelala, na afya ya kuwasumbua majirani wa Kimilili kuhusu hesabu zao kwa miaka mingi.

Jumamosi alfajiri lori linabeba vyombo vyake kutoka Woodley, na linahitaji watu wa kubeba kabati. Nimemwomba kiti cha mbele niende naye mpaka Kimilili. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amesema lori linaondoka saa kumi na moja kamili. Nitakuwa pale saa kumi, na nauli ya kurudi ninayo, ni yangu.